Alikusudia, au Ilikuwa Bahati Mbaya?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wazazi na wanafunzi, leo nataka tuzungumze juu ya mguu uliovunjika. Wazazi wa pande zote mbili wameniruhusu kulisimulia jambo hili, bila ya kutaja majina.

Ilikuwa Jumapili, na mvua ilikuwa imenyesha hapa Kamembe tangu alfajiri. Baada ya darsa, vijana wetu wa madrasa walishuka kiwanjani kucheza na vijana wa mtaa wa pili. Kiwanja kilikuwa tope tupu. Dakika za mwisho kijana wetu mmoja aliufuata mpira kwa kuteleza na miguu yote miwili mbele. Mpira haukuguswa. Mwenzake alibaki chini, mfupa wa muundi umevunjika, na mwaka huo alikuwa na mtihani wa taifa.

Kabla ya Maghrib mtaa mzima ulikuwa umeshatoa hukumu. Kuna aliyepiga video kwa simu, sekunde chache tu, ikawa inazunguka kila nyumba. Wa upande huu wakasema: "Amefanya kusudi, juzi waligombana." Wa upande ule wakasema: "Ni bahati mbaya, mpira ndivyo ulivyo." Video ni ile ile moja! Baada ya Isha baba wa aliyeumia alinijia, macho mekundu, akaniambia: "Mwalimu, mwapishe huyu kijana kwa Msahafu mbele ya watu. Aseme kama alikusudia."

Nilikataa. Kukataa kwangu kumewaudhi wengi, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Jicho huona kile moyo unachotaka

Vijana wanaopenda ligi ya Uingereza watamkumbuka Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea timu ya taifa ya Kenya, kisha akaenda kucheza Ubelgiji, na huko ndiko mtoto alikozaliwa. Tarehe 20 Aprili 2016 Liverpool walicheza na jirani zao Everton. Origi alifunga goli la kwanza. Mara baada ya mapumziko, beki wa Everton, Ramiro Funes Mori, alimkanyaga kifundo cha mguu. Beki alipewa kadi nyekundu, na Origi akatolewa kwa machela. Alhamdulillahi mfupa haukuvunjika, na mwezi uliofuata alikuwa amerudi uwanjani.

Huku kwetu tulisemaje? Wengi tulisema alikusudia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa nini? Kwa sababu Origi tulimhesabu ni mtoto wetu wa Afrika Mashariki. Sasa tujiulize kwa haki: kama Origi ndiye angemkanyaga yule beki, tungesema nini? Tungesema aliteleza. Refa aliona kitendo akakihukumu kitendo. Sisi tulidai kuwa tumeuona moyo, tena kwa televisheni.

Kisa cha Usama bin Zayd (r.a.) tunawasomesha watoto kila mwaka. Alimuua vitani mtu aliyekwisha tamka shahada, akijitetea kwamba yule aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali kwa kujifanya mjuzi wa lililomo moyoni mwa mtu. Usama alikuwa kipenzi cha Mtume, na alikuwa pale pale, uso kwa uso na yule mtu. Mimi na wewe tuna video ya sekunde chache.

Michezo miwili ya barafuni

Ndugu yangu anayeishi Kanada ndiye aliyenieleza kwa mara ya kwanza juu ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, kikali kama kisu, na kugongana kwa nguvu kunaruhusiwa kwa kanuni. Kwa hiyo swali letu la Kamembe, wao hukutana nalo kila siku. Nimechukua visa viwili ambavyo vinatusaidia.

Kisa cha kwanza ni cha tarehe 8 Machi 2004, mjini Vancouver. Wiki tatu kabla yake, Steve Moore wa timu ya Colorado alikuwa amemgonga nahodha wa Vancouver, Markus Näslund, akamuumiza kichwa. Wakuu wa ligi walisema kanuni haikuvunjwa. Lakini timu ya Vancouver iliweka kinyongo. Siku hiyo Todd Bertuzzi wa Vancouver alimfuata Moore kwa nyuma akimchokoza wapigane. Moore hakumjali. Bertuzzi akamshika jezi, akampiga ngumi upande wa kichwa, kisha akamwangukia, na wachezaji wengine wakaporomoka juu yao. Moore alivunjika pingili tatu za shingo. Alikuwa na miaka 25, na hakurudi tena katika ligi ile.

Je, alikusudia? Ngumi aliikusudia, hilo hakuna anayelipinga. Je, alikusudia kuvunja shingo? Siku mbili baadaye alijitokeza mbele ya waandishi akilia na kuomba radhi. Desemba 2004 alikiri kosa mahakamani, akawekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja na kupewa saa 80 za kazi za jamii. Ligi ilimfungia hadi Agosti 2005. Madai ya fidia yalikwenda miaka mingi, mpaka pande mbili zikapatana mwaka 2014.

Kisa cha pili ni cha tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Sheffield, Uingereza. Adam Johnson, Mmarekani wa miaka 29 aliyekuwa akichezea Nottingham, aligongana na mchezaji wa timu pinzani. Mguu wa yule mpinzani ulinyanyuka, chuma cha kiatu chake kikamkata Johnson shingoni, akafariki. Watu waliitazama video, kila mmoja akawa hakimu. Mchezaji yule alitukanwa, na hata rangi yake nyeusi ikatukanwa. Polisi walimkamata Novemba 2023. Aprili 2025, baada ya uchunguzi wa mwaka mmoja na nusu, waendesha mashtaka walitangaza kwamba hatashtakiwa. Nami sitaji jina lake hapa, maana ameshabeba ya kutosha.

Mizani ya dini yetu

Wengi wetu tunadhani jibu ni moja kati ya mawili: kusudi au bahati mbaya. Mafaqihi wetu wa Kishafi, na pia wa Kihanbali, wameyagawa mambo haya mafungu matatu. La kwanza ni amdi, kukusudia. La pili ni shibhi amdi, mfano wa kukusudia: mtu anakusudia kumpiga mwenzake, lakini kwa kitu au kwa namna ambayo kwa kawaida haiui. La tatu ni khataa, kukosea: hakukusudia hata kumgusa. Maimamu wa Kimaliki wao mashuhuri kwao ni mafungu mawili.

Tazama hekima ya fungu la kati. Wakati wa Mtume (s.a.w.) wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akamtupia mwenzake jiwe, likamuua pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Mtume hakuhukumu kisasi. Wala hakusema ni bahati mbaya basi yaishe. Aliamua fidia kwa ajili ya mtoto, na diya ya mama ikabebwa na ukoo wa yule aliyetupa jiwe. Ukoo mzima, siyo yeye peke yake!

Na hata katika fungu la tatu, ndugu zangu, Allah (s.w.) katika Sura An-Nisaa, aya ya 92, hakumwacha aliyeua kwa kukosea aende zake. Ameweka kafara, na ameweka diya kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe wenyewe. Asiyepata wa kumwacha huru afunge miezi miwili mfululizo. Miezi miwili, kwa jambo ambalo hakulikusudia! Ni aya inayofuata, ya 93, ndiyo inayozungumzia aliyekusudia, na ahadi yake ni nzito mno.

Sasa rudi kwenye mguu wetu. Hukumu za kisasi na adhabu si kazi ya mwalimu wa madrasa, wala ya baraza la mtaa. Nchi ina sheria na mahakama zake. Lakini mafunzo ya aya hii yanatuhusu sote. Wa upande huu walikosea kudai kwamba wanaujua moyo wa kijana. Na wa upande ule walikosea zaidi, kwa maoni yangu, kudhani kwamba neno "bahati mbaya" linafuta deni. Halifuti. Bahati mbaya humwondolea mtu dhambi ya kukusudia. Haimwondolei haki ya aliyeumia.

Ndiyo maana nilikataa kumwapisha. Ukimwapisha mtoto wa miaka kumi na sita mbele ya umati wenye hasira, unamsukuma kwenye moja ya mambo mawili: aseme uongo huku mkono uko juu ya Msahafu, au ajitie hatiani kwa jambo ambalo pengine hata yeye halijui sawasawa. Nani kati yetu anayeweza kueleza moyo wake ulikuwaje katika nusu dakika ya hasira? Nilimwita peke yake nikamwambia: "Mwanangu, usinieleze mimi. Lililomo moyoni mwako zungumza na Mola wako usiku huu. Kesho uende kwa mwenzako." Alilia sana. Sikumwuliza analilia nini.

Kesho yake alikwenda, yeye na baba yake, wamebeba maziwa na matunda. Baba alisema pale kitandani kwamba gharama ambazo bima haikulipa ni zake, na usafiri wa kwenda kubadilisha plasta ni wake. Kijana akajitolea kumpelekea mwenzake madaftari ya masomo kila jioni, na mpaka naandika haya hajakosa siku hata moja. Baba wa aliyeumia amepokea. Mama bado hajaitikia salamu ya yule mama mwenzake. Tusimlaumu. Yeye ndiye anayesikia mtoto akiugulia usiku.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza

Limebaki jambo moja, nalo linanigusa mimi. Watu walibishana siku nyingi juu ya moyo wa kijana. Hakuna aliyeuliza: nani aliwaruhusu watoto kucheza kwenye tope lile, bila refa, hali inajulikana kwamba baadhi yao wamegombana juzi? Ni mimi. Niliwaona wakishuka, nikasema ni vijana, waache wapunguze nguvu. Baba wa aliyeumia alinijia akitaka kiapo cha mtoto, lakini angenitaka mimi nieleze, ningekuwa sina la kusema. Nimemwendea na kumwomba radhi.

Baada ya kifo cha Adam Johnson, watu wa mchezo ule hawakusubiri polisi wamalize. Shirikisho lao la kimataifa liliamua kwamba kila mchezaji katika mashindano yake lazima avae kinga ya shingoni. Hilo ndilo swali lenye manufaa: tufanye nini ili mwingine asiumie? Nasi tumeamua katika madrasa yetu: hakuna mpira kiwanja kikiwa tope, hakuna mchezo bila mtu mzima mwenye filimbi, na waliogombana wanapatanishwa kwanza kabla ya kuingia uwanjani.

Ewe mzazi, mtoto wako akiumizwa, dai haki yake, nayo ni haki. Lakini usidai ufunguo wa moyo wa mtoto wa mwenzio. Na mtoto wako akiumiza, usitangulize utetezi. Tangulia kwenda kwa mgonjwa. Nanyi wanafunzi wangu, ile video mliyo nayo kwenye simu zenu, ifuteni leo. Sura Al-Hujuraat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu bila kujua, na inatukataza dhana mbaya, na kila mmoja wenu ameihifadhi.

Tumwombe Allah (s.w.) amponye kijana wetu, amtengenezee mwenzake moyo, na awaunganishe mama zetu hawa wawili kabla ya Ramadhani kuingia. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiiq.