Fundi wa Mbali Mlipe, Lakini Usimwache Peke Yake

Wasee wa Nyamira, wacheni kubeba kompyuta kwa boda. Unatoka Nyansiongo na mashine imefungwa kwa gunia, unapita Keroka, unafika Kisii mjini umejaa vumbi, halafu fundi anabonyeza vitu viwili tu anakwambia ni programu ya printa ilikuwa imezeeka. Nauli imeenda, siku imeisha, na huko njiani diski imegongwagongwa mpaka ikapata ugonjwa mpya.

Na njia iko. AnyDesk na TeamViewer, zote za Wajerumani, zinafanya kazi hivi: mnaweka programu pande zote mbili, unamsomea fundi namba yako, unakubali, na kishale kinaanza kutembea chenyewe kwa skrini. Stima ikiwa iko na bando linatosha, unasaidiwa ukiwa kwenu. (Kama mashine haiwaki kabisa, hapo hakuna uchawi, tafuta boda.)

Sasa hii najua itaudhi watu: fundi wa mbali alipwe sawa na yule amekuja mlangoni. Manze, kuna hii tabia ya "si umebonyeza tu, hata hukutoka kwa kiti?" Halafu unamtumia soo moja kwa M-PESA na emoji ya maombi. Unalipia ujuzi, hulipii nauli. Kuna vijana wamemaliza chuo hapa Kisii wanaoweza kuhudumia Ogembo, Nyamache na Kebirigo bila kukodi duka. Hawataweza kama tunawalipa na asante.

Lakini pia jua hivi: ukishakubali, huyo mtu amekaa kwa kiti chako. Anaona email uliyoiacha wazi, akaunti yako ya HELB, picha, kila kitu. Kwa hivyo funga vitu zako kwanza, na ukae hapo uangalie. Chai itangoja.

Kinachoniudhi zaidi ni paswadi ya kudumu. Ukimwekea fundi hiyo, anaingia saa yoyote anataka, hata saa nane usiku ukiwa umelala, bila kukuuliza. Kurekebisha printa hakuhitaji hivyo. Na wenye saiba mnaoiacha "ndio jamaa asinisumbue kila saa", hebu fikirieni hizo skani za vitambulisho na vyeti vya wateja zimejaa kwa hiyo mashine. Mama aliyekuja kutengenezewa KRA PIN alikuamini wewe. Fundi wako hamjui na hakuulizwa.

Sheria ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia mashine ya mtu bila ruhusa ni faini ya hadi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au zote mbili. Poa, lakini kesi itakukuta pesa zimeshatoka.

Ukifika nyumbani wikendi hii, keti na mzazi umwelezee kitu kimoja: fundi ni yule *sisi* tumempigia. Mtu akipiga simu mwenyewe aseme ni wa benki na anataka uweke AnyDesk, kata. Usimjibu hata kwa heshima.

Na kazi ikiisha, wewe ndio wa kukata laini, kisha utoe programu kama huna haja nayo tena.

Huko kwenu fundi wa mbali anachaji ngapi? Nataka kujua kama Keroka ni bei ya Kisii ama ya Nyamira.