Riwaya za Upinzani Zisiwasahau Walioshika Kalamu

Yako maneno yasemwayo mara nyingi juu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa na utawala wa Hitler, ya kwamba walikwenda kufa kimya kama kondoo waendao machinjoni. Mimi nayakataa maneno hayo. Na katika kuyakanusha, riwaya zimefanya kazi kubwa, kwa kuwa riwaya humfikia hata mtu asiyefungua kitabu cha historia. Lakini je, riwaya hizo zimetueleza kwa ukamilifu maana ya kupinga dhuluma?

Tuutazame mji wa Warsaw, nchini Poland. Novemba 1940 Wajerumani waliwafungia Wayahudi zaidi ya 400,000 ndani ya geto lililozungushiwa ukuta, wakafa wengi kwa njaa na maradhi. Kuanzia Julai 1942, kwa muda wa miezi miwili hivi, watu wapatao 265,000 walipakiwa katika magari ya moshi na kupelekwa Treblinka kuuawa. Vijana waliosalia wakatafuta silaha. Tarehe 19 Aprili 1943 askari walipoingia kulimaliza geto, walipokewa kwa risasi na mabomu ya petroli. Vijana mia kadhaa, wengi wao wakiwa na bastola tu, walipambana na dola hiyo kwa karibu mwezi mzima.

Waandishi wawili wa Kimarekani waliyatungia riwaya mambo hayo. Leon Uris alitoa *Mila 18* mwaka 1961, akiipa jina la anwani ya handaki alimofia kamanda Mordechai Anielewicz tarehe 8 Mei 1943. Uris ni fundi wa kusimulia. Shujaa wake, Andrei Androfski, ni afisa wa jeshi la farasi, na kitabu chote chakimbilia kwenye mapigano. Hapo ndipo penye hatari. Msomaji aweza kudhani kwamba heshima ya watu wale ilianza siku ilipolia risasi ya kwanza. Je, walimu waliofundisha watoto kwa siri? Je, waliopika supu ya wenye njaa?

Ndiyo maana mimi nampa nafasi ya kwanza John Hersey na riwaya yake *The Wall*, ya mwaka 1950. Msimulizi wake, Noach Levinson, hana bunduki, ana daftari. Anaandika bei ya mkate, ugomvi wa majirani, arusi na mazishi. Levinson ni mtu wa kubuniwa, lakini nyuma yake yuko mtu wa kweli, mwanahistoria Emanuel Ringelblum. Yeye na wenzake walikusanya kwa siri barua, shajara, matangazo na kadi za chakula, wakazifukia katika masanduku ya bati na makopo ya maziwa. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Sehemu mbili za hazina yake zilifukuliwa mwaka 1946 na 1950.

Wako watakaoniambia kwamba karatasi haizuii risasi. Ni kweli. Lakini hata bastola zile hazikuizuia Treblinka, na wenye kuzishika walilijua hilo. Adui alitaka watu wafe na habari zao zife pia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sembuse roho za watu? Aliyeandika alimnyima muuaji nusu ya ushindi wake.

Kwa sababu hiyo mtunzi wa riwaya kama hizi ana deni. Ana ruhusa ya kubuni majina, mapenzi na mazungumzo. Hana ruhusa ya kumwachia msomaji shaka juu ya lililotendeka, maana wakanushaji wapo na shaka ndiyo chakula chao. Hersey alilitambua hilo, akamwonya msomaji tangu mwanzo wa kitabu kwamba kumbukumbu za Levinson ni za kubuni.

Marek Edelman, mmoja wa makamanda walionusurika, alifariki mwaka 2009. Watunzi wa sasa hawana tena mtu kama yeye wa kumwuliza. Wana karatasi zile zilizofukuliwa. Na wazisome kabla ya kushika kalamu, na wanapomjenga shujaa mwenye bastola, wamkumbuke pia yule aliyekuwa akichimba shimo usiku ili afukie daftari.