"Mtoto Huyu Hasikii"

Katika lugha yetu neno "kusikia" lina kazi mbili. Mwalimu asemapo, "Mtoto huyu hasikii," aghalabu hakusudii masikio. Hukusudia kwamba mtoto ni mkaidi. Neno hilo nimelisoma mara nyingi katika madaftari ya wanachuo wetu warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, nami kwa miaka kadhaa nililipita bila kusita.

Nililisitia huko Mlimba. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Darasa la Nne, nikimtazama mwanachuo akisoma imla. Kila alipogeukia ubao, mvulana mmoja alipinda shingo, kisha akachungulia daftari la jirani yake. Mwanachuo alikwisha kumwandika: hasikii, tena mwigaji. Wakati wa mapumziko nilimwita mtoto, nikasimama nyuma yake, nikamziba sikio la kulia na kumnong'oneza tarakimu tatu. Kimya. Nilipomziba la kushoto, alizitaja zote bila kosa. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu nilipopigwa kofi, mwalimu," akajibu, kwa adabu kabisa. Aliyempiga alikuwa mwalimu wa shule nyingine, kabla wazazi wake hawajahamia bondeni kulima mpunga.

Mimi si tabibu, wala siwezi kuapa kwamba kofi lile ndilo sababu pekee. Lakini jambo lenyewe lawezekana sana, na yafaa kila mwalimu alifahamu. Kiganja kikitua juu ya sikio huiziba njia yake na kuisukuma ndani hewa iliyomo, na ngoma ya sikio, ambayo ni utando mwembamba tu, hupasuka. Nyuma ya ngoma hiyo mna vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vipokezanavyo mtikisiko wa sauti. Navyo huweza kuteguka. Pigo likiwa kali zaidi hudhuru sikio la ndani, na madhara ya huko mara nyingi hayaponi. Tundu dogo la ngoma huweza kuziba lenyewe kwa majuma kadhaa, ila lisiingiwe na maji wala kutiwa mafuta, kama wafanyavyo wazee wetu kwa nia njema. Likiingiwa na vijidudu, sikio hutoa usaha na usikivu hupungua. Tena wengi wetu hupiga kwa mkono wa kulia. Basi kwa mtoto aliyesimama mbele yetu linaloumia ni sikio la kushoto.

Si kofi peke yake. Mtoto aangukaye kutoka mwembeni, au atupwaye na pikipiki, huweza kupasuka mfupa wa fuvu ulio kando ya sikio. Damu au majimaji yakitoka sikioni, apelekwe hospitali siku ile ile. Mshindo wa baruti nao hudhuru masikio, jambo lisilo geni kwa nchi hii ambako milima baina ya Mlimba na Makambako ilipasuliwa kupitisha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ila katika madhara yote hayo, kofi ndilo lililo mikononi mwetu wenyewe.

Wala hatuwezi kujificha nyuma ya sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zasema viboko visizidi vinne, vipigwe mkononi au matakoni, na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kisha viandikwe kitabuni. Kofi halimo. Mwalimu apigaye kofi hatoi adhabu ya shule, anapiga mtu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa mvulana yule mambo yaligeuka: alivunjwa kwanza, ndipo akawa hasikii, na kwa kutosikia akawa tayari kuadhibiwa tena.

Mwenye sikio moja husikia vyema penye utulivu, na ndiyo sababu hugunduliki upesi. Taabu yake ni penye makelele. Hali kadhalika hawezi kujua sauti yatoka upande gani, hata pikipiki ikija nyuma yake barabarani. Masika yakipiga juu ya bati, mwalimu aliyeupa ubao uso amekwisha kumpoteza. Basi tuzungumze tukiwaelekea watoto, na imla isisomwe mvua ikinyesha.

Napendekeza fomu yetu ya kutathmini mazoezi ya kufundisha iongezwe mstari mmoja: je, mwanachuo amepima masikio? Wakufunzi wenzangu watasema darasa la watoto 80 halipimiki. Sidai wote. Wapimwe kwanza wale walioandikwa kwamba hawasikii. Kila mmoja hatachukua dakika tatu.

Mvulana yule tulimhamishia mbele, ukutani upande wa kushoto, sikio lake zima likielekea darasa. Mwanachuo alifuta maneno yake daftarini kwa hiari. Baba wa mtoto ameahidi kumpeleka hospitali Ifakara mpunga ukishavunwa.