Wito kwa vijiwe vyote: tuachiane nafasi msafarani

Ukipita barabara ya Kilwa Jumamosi mchana, kuanzia Mbagala kwenda Kongowe na Vikindu, huchelewi kukutana na msafara wa bodaboda. Mbele kuna gari lililobeba jeneza, nyuma na pembeni pikipiki zimejaa, matawi yamefungwa kwenye taa na honi hazikatiki. Mwenzao amefariki, na kijiwe kizima kimesimamisha kazi kwenda kumzika. Siku nyingine msafara ni wa harusi, au wa kumpokea mgombea, au wa mashabiki wanaotoka uwanjani timu yao ikiwa imeshinda. Uwe Mwanza, Mbeya au Arusha, misafara ya namna hii unaijua.

Ndugu zangu madereva, umoja huo naupenda. Kijiwe kinapochangishana sanda na mafuta ndani ya saa chache, kinafanya jambo ambalo mitaa mingi imeshaliacha. Ndiyo maana nawaandikia kuhusu namna tunavyoendesha tukiwa wengi, maana kila anayetoka na msafara ana mtu nyumbani anayemsubiri jioni.

Tatizo letu kubwa ni kubanana. Dereva yule yule ambaye siku ya kazi anaacha nafasi nzuri nyuma ya lori, akiingia msafarani anasogea hadi tairi lake la mbele linakaribia kugusa namba ya mwenzake. Nikiwauliza madereva kwa nini, majibu ni mawili. La kwanza, ukiacha mwanya daladala itachomekea. La pili, ukibaki nyuma utaonekana huna uchungu na marehemu. Yote mawili nayaelewa, lakini hakuna hata moja linaloipa breki muda wa kufanya kazi.

Tuangalie hesabu yenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mwenzako wa mbele akishika breki, macho yako yanaona, akili inaamua, mkono na mguu vinafuata, na mpaka hapo sekunde nzima inaweza kuwa imepita. Umeshatembea mita 14 na breki yako bado haijauma. Kisha pikipiki yenyewe inahitaji mita nyingine 17 au 18 hivi kusimama kabisa, na hapo lami ni kavu, tairi zina kashata, na umetumia breki zote mbili vizuri. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali huo wa breki haupandi mara mbili, unapanda mara nne. Sasa mtu aliye mita tatu nyuma ya mwenzake, tena na abiria, atasimama wapi?

Kwa hiyo ninachoomba ni sekunde mbili. Chagua kitu kilichosimama pembeni mwa barabara, nguzo, kibao au mti. Pikipiki iliyo mbele yako moja kwa moja ikikipita, anza kuhesabu bila haraka: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukikifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno, punguza mafuta. Sekunde mbili ni kima cha chini. Ukiwa na abiria ziwe tatu. Mvua ikinyesha ziwe nne, na ogopa zaidi zile dakika za kwanza za mvua, wakati vumbi na mafuta yaliyoganda juu ya lami vinapogeuka utelezi.

Na daladala ikichomekea? Iache iingie, kisha rudi nyuma kidogo ujenge nafasi yako upya. Msafara wetu hauna haki ya barabara kuliko mama anayevuka kwenye pundamilia.

Wengi tunadhani usalama ni kupanga mstari mmoja mrefu, lakini mstari nao una hatari yake. Tuseme wako saba, na kila mmoja anaangalia taa ya nyuma ya aliye mbele yake tu. Kiongozi anaona tuta, anashika breki taratibu. Wa pili anachelewa kidogo, kwa hiyo anashika kwa nguvu zaidi kufidia. Wa tatu naye anachelewa, anabana zaidi. Kuchelewa huko kunajumlika mtu kwa mtu hadi kwa wa saba, ambaye tuta halioni wala kiongozi hamwoni. Anachokiona ni mgongo wa mwenzake ukimjia kwa kasi, na anafunga breki kwa nguvu zote alizonazo. Aliye mkiani ndiye anayelipa kuchelewa kwa wote sita. Ndiye pia anayelazimika kukimbia kuliko kiongozi, kwa sababu kila msafara ukisinyaa na kutanuka yeye anaachwa, kisha anavuta mafuta kuwafikia. Kwa hiyo inua macho. Angalia bega la wa mbele, halafu wa pili, halafu wa tatu, mpaka barabara yenyewe.

Kuna mpangilio unaosaidia sana. Kiongozi anakaa upande wa kulia wa njia yake, bila kugusa mstari wa katikati. Wa pili anakaa upande wa kushoto, sekunde moja nyuma yake. Wa tatu anarudi kulia, sekunde mbili nyuma ya kiongozi. Hivyo kila mtu ana nafasi tupu mbele yake, na pembeni kuna pa kukwepea. Asiwepo mtu sambamba na mwenzake, hata kama mnataka kuzungumza. Mkifika kwenye kona, mashimo, changarawe au daraja jembamba, ingieni mmoja mmoja nyuma ya mwingine na muongeze nafasi. Na msiwe 40 kwenye kundi moja. Gawaneni watano watano, au saba wakizidi, na kati ya kundi na kundi pabaki nafasi ya gari kuingia na kutoka bila kumbana mtu.

Breki yenyewe inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa imani iliyoenea vijiweni ni kwamba breki ya mbele inakurusha. Matokeo yake wapo madereva wa miaka mingi wanaotegemea breki ya mguu peke yake. Ukweli ni kwamba ukishika breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na la nyuma linabaki jepesi. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko kwenye mkono wa kulia. Kutumia ya mguu tu kunaweza kuufanya umbali wa kusimama uwe karibu mara mbili, na tairi la nyuma likijifunga pikipiki inaanza kuyumba mkia. Kinachorusha watu ni kuikwapua breki ya mbele ghafla, au kuishika ukiwa umelala kwenye kona au juu ya mchanga. Anza kwa kuigusa hadi shokomzoba zishuke, kisha endelea kuibana huku mguu ukisaidia na pikipiki ikiwa imenyooka. Ukiwa na abiria, breki ya nyuma inapata uzito zaidi, itumie kwa nguvu kidogo kuliko ukiwa peke yako.

Hili halijifunzwi siku ya msafara. Asubuhi moja kabla abiria hawajaanza, kijiwe kitafute uwanja au kipande cha lami kisicho na magari, kiweke alama chini, na kila mtu apite akiwa na mwendo wa 30 asimame. Kwanza kwa breki ya mguu tu, kisha kwa zote mbili. Mtaona wenyewe tofauti ya hatua.

Na tazameni taa za breki. Kwenye pikipiki nyingi za kazi balbu imeungua, au swichi ya breki ya mkono imekatwa waya na hakuna aliyejali. Wa nyuma yako atajuaje? Hata taa ikiwa nzima, ukipunguza mwendo kwa kushusha gia peke yake haiwaki, kwa hiyo gusa breki kidogo ili mwenzako aone.

Abiria mnaopanda nyuma ya hawa vijana, kaeni mkitazama mbele, na simu za kurekodi muziache kwa waliopanda gari. Anayesimama juu ya pikipiki akipunga kitambaa anamnyima dereva breki, maana dereva akiibana tu, yeye anaruka.

Mwisho nawageukia wazee wa kamati za mazishi, kamati za harusi na wanasiasa mnaowajazia vijana mafuta. Mafuta yakishagawiwa, msiwashe injini kwanza. Mwenyekiti wa kijiwe asimame ataje nani anaongoza, nani anafunga mkia, na mwendo ni ngapi. Kiongozi awe mtu mzima wa barabara, na mgeni wa kazi akae nyuma yake hapo hapo, asisukumwe mkiani. Aliyekunywa apande gari. Familia nayo ipange saa ya kuzika ikijua kwamba kilomita 30 kwa mwendo wa 60 ni nusu saa, na kwa mwendo wa 40 ni dakika 45. Tangazeni saa kumi na robo badala ya saa kumi, na shehe au mchungaji aambiwe mapema.