Jina Kubwa Si Dhamana

Wanunuzi wengi wadogo wa hisa hupima kampuni kwa umaarufu wa jina lake. Historia ya Prince, kampuni ya Marekani ya raketi za tenisi, inaonyesha wazi kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Prince ilianza mwaka 1970 kwa mashine ya kurushia mipira ya mazoezi. Howard Head, mhandisi aliyekwisha kutajirika kwa vifaa vya kutelezea thelujini, alijiunga nayo na mwaka 1976 akapata hataza ya raketi yenye uso mpana. Raketi za mbao za siku zile zilikuwa na uso wa inchi za mraba 70 hivi. Ya Prince ilikuwa na 110. Wengi waliicheka. Mwaka 1978 Pam Shriver, msichana wa miaka 16, aliitumia kufika fainali ya US Open, na vicheko vikakoma.

Mwaka 1982 Chesebrough-Pond's iliinunua Prince kwa dola milioni 62. Mwaka 1990 ikaangukia mikononi mwa kundi la Benetton la Italia.

Hapo ndipo penye somo. Hataza ya Marekani wakati ule ilidumu miaka 17. Ile ya mwaka 1976 ilikuwa inakwisha mwaka 1993. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa mwaka 1990 alipata jina kubwa lenye ulinzi wa miaka mitatu tu. Baada ya hapo kila mshindani alikuwa huru kutengeneza raketi pana bila kuilipa Prince hata senti.

Jina liliuzwa tena mwaka 2003 na 2007, na mwezi Mei 2012 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Raketi zenye jina la Prince ziliendelea kuuzwa madukani. Lakini uhai wa jina si uhai wa fedha za watu. Kampuni inaposhindwa kulipa, mdai mwenye dhamana hutangulia; mfanyabiashara aliyetoa mali kwa mkopo husubiri, na mwenye hisa huwa wa mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia jina, mwekezaji na aulize mambo mawili: ulinzi wake unakwisha lini, na deni lake ni kiasi gani. Asiyejibiwa afunge pochi.