Kisiwa cha Rubondo si cha Wazungu

Kauli inayosikika vijiweni Masasi na Newala kila malipo ya korosho yanapotoka, kwamba kulipa nauli na kiingilio ili kutazama wanyama ni starehe ya wazungu, na kwamba Mmakonde, Mmakua au Myao mwenye akili zake ataezeka bati au atanunua pikipiki, inapotosha historia ya nchi na haistahili kuvumiliwa.

Hifadhi ya taifa, yaani eneo ambalo sheria imekataza ndani yake makazi, kilimo na uwindaji, haikuletwa na watalii. Rubondo, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria, kinalithibitisha hilo kuliko mahali pengine popote: kabla ya kufanywa pori la akiba mwaka 1965, na hatimaye hifadhi ya taifa mwaka 1977, kilikaliwa na wavuvi na wakulima wa migomba, ambao walihamishwa ili wanyama wapate nafasi. Waliotoka Ulaya ni sokwe mtu, ambao Mjerumani Bernhard Grzimek aliwachukua katika bustani za wanyama za huko na kuwaachia msituni humo kati ya mwaka 1966 na 1969; tembo na twiga nao walipelekwa, ilhali nzohe, yaani swala wa vinamasini mwenye kwato ndefu, pamoja na viboko na mamba, walikuwamo tangu awali. Mgeni wa Rubondo, basi, ni sokwe. Mwenye kisiwa ni Mtanzania, na anayekiita cha wazungu anawadharau wote walioacha migomba yao humo.

Wapo wanaojibu kwamba nyani huwaona bure mashambani. Hoja hiyo ni ya mtu asiyemtofautisha nyani mwenye mkia na sokwe asiye na mkia, na kwa mantiki hiyohiyo aliyewahi kuona bwawa hana haja ya kuiona bahari.

Umbali ni kikwazo cha kweli, na barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye kilomita 210, iliyosubiri lami miaka mingi mno huku korosho za ukanda huo zikiliingizia taifa fedha za kigeni, ni aibu inayostahili makala yake; lakini barabara hiyo haijamzuia mtu kwenda harusini Dar es Salaam. Asiyeweza kabisa kufika Rubondo anayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye visiwa, mikoko na matumbawe, nayo imo katika mkoa wake mwenyewe wa Mtwara.