Kompyuta Inayosoma Figo: Asiyekuwepo na Lake Halipo

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Tumezoea kuusikia usemi huo katika mikutano na katika ugawaji wa mirathi. Leo yafaa tuupeleke mahali ambapo wengi hawautarajii, yaani katika maabara ambamo kompyuta zinafundishwa kusoma nyama ya figo iliyougua.

Kila figo ya binadamu ina vichujio vidogo vya damu vipatavyo 1,000,000. Ugonjwa wake ni wa hila, kwa kuwa mgonjwa aghalabu hasikii lolote mpaka vichujio vingi vimekwisha kufa. Daktari akitaka kujua yanayotendeka ndani, huchoma sindano kupitia mgongoni na kutoa kijinyama chembamba kama uzi. Njia hiyo ilielezwa na matabibu wa Denmark, Poul Iversen na Claus Brun, mwaka 1951. Kijinyama hicho huhifadhiwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyenye unene wa sehemu mbili au tatu za elfu moja ya milimita, hutiwa rangi, kisha husomwa kwa hadubini. Msomaji huhesabu vichujio vilivyogeuka makovu, na hukadiria kwa jicho ni sehemu gani ya figo imekwisha haribika.

Hapo ndipo penye tatizo. Macho ya wataalamu wawili hayakadirii sawasawa. Ndiyo sababu mwaka 1991 wataalamu walikutana Banff, nchini Kanada, wakaweka vipimo vya pamoja vya kusomea figo zilizopandikizwa. Na vipimo hivyo vimekuwa vikirekebishwa tangu wakati huo. Sasa kompyuta imeletwa isaidie. Kioo chenye kijinyama hupigwa picha nzima yenye nukta mamia ya mamilioni, na pengine mabilioni, nayo kompyuta huhesabu na kupima bila kuchoka.

Lakini msomaji asidhani kwamba kompyuta hiyo imezaliwa na maarifa. Haijui kichujio ni kitu gani mpaka ionyeshwe. Wanaoionyesha ni madaktari wa patholojia pamoja na vijana waliokwisha kupata shahada ya uzamivu, ambao huajiriwa kwa mikataba ya miaka michache katika maabara za vyuo vikuu. Kazi yao ni ya subira kubwa: kuzungushia mstari kichujio kimoja baada ya kingine, katika picha moja baada ya nyingine, na kuandika hiki kizima, hiki kina kovu. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha madaftari ya darasa zima ataitambua kazi hiyo.

Mwalimu huyo atatambua pia hatari yake. Mwanafunzi aliyeonyeshwa mifano ya aina moja tu hushindwa anapoletewa mfano mwingine. Vivyo hivyo, kompyuta iliyofundishwa kwa vioo vya hospitali moja huweza kukosea kwa vioo vya hospitali nyingine, kwa sababu tu rangi iliyotumika imekolea zaidi. Je, itakuwaje iwapo wagonjwa wa nchi nzima, au wa bara zima, hawamo katika mifano hiyo?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 1999 ilitolewa huko Marekani kanuni ya kukadiria nguvu ya figo kutokana na kipimo cha damu. Kanuni hiyo iliongeza takriban asilimia 20 katika matokeo ya kila mtu mweusi, kana kwamba ngozi ndiyo inayochuja damu. Kwa hiyo figo mbovu ilionekana nzima kuliko ilivyokuwa, na baadhi ya wagonjwa wakachelewa kuandikwa katika orodha ya kungojea figo ya kupandikizwa. Ni mwaka 2021 tu ndipo vyama vya wataalamu wa huko vilipopendekeza nyongeza hiyo iachwe. Na mwaka 2023 hospitali za upandikizaji zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wao wa kungojea uliopotea. Kosa moja la hesabu lilidumu miaka zaidi ya 20.

Aidha, mwaka 2010 iligunduliwa kwamba mabadiliko fulani ya jeni iitwayo APOL1, yaliyomo miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, humkinga mtu na aina fulani ya malale, lakini huongeza hatari ya maradhi ya figo. Ni dhahiri basi kwamba historia ya Mwafrika imo ndani ya figo yake, na picha za figo za watu wengine haziwezi kuisimulia yote.

Kwetu jambo hili si la mbali. Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, tunao wagonjwa ambao uhai wa figo zao hutegemea usomaji sahihi wa vijinyama hivyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, vipande vya nta na kumbukumbu zake vihifadhiwe vizuri. Karani anayevitunza asidhani anatunza takataka, maana ndivyo vitabu ambavyo kompyuta itasomea kesho. Pili, mgonjwa aelezwe na aridhie kabla kijinyama chake hakijatumiwa katika utafiti. Tatu, picha zikipelekwa ng'ambo, pawe na mapatano kwamba chombo kitakachotokana nazo kitajaribiwa kwa wagonjwa wetu kabla ya kuuzwa kwetu. Nne, vijana wetu wapelekwe kujifunza kazi hiyo, na wakirudi wakute meza, kompyuta na mshahara.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja kompyuta mpya. Kutunza kumbukumbu na kumweleza mgonjwa haki yake ni kazi inayoweza kuanza Jumatatu asubuhi.